Daftari la Kaunta

Daftari langu la kaunta lina pande mbili. Ukurasa wa kushoto naandika wanaodaiwa: vocha ya jero, vocha ya buku, nani kachukua, lini atalipa. Ukurasa wa kulia naandika majina ya wasanii. Nimefanya hivyo tangu mwaka 2011, nilipofungua kibanda cha vocha hapa Kilwa Masoko, njia ya kuteremkia bandarini, kabla sijaongeza uwakala wa pesa. Kila zinapokaribia tuzo zinazorushwa kwenye televisheni, naandika nani atachukua kipengele gani, naweka tarehe, na jirani yangu muuza chapati anatia saini kama shahidi. Hatuwekeani pesa. Pesa ikiingia hapo ni kamari, na kamari siitaki kibandani kwangu. Tunachotaka ni kujua kama mtu wa huku Kusini, anayewaona wasanii kwenye kioo tu, anaweza kuwataja washindi kabla bahasha haijafunguliwa.

Anaweza. Lakini wateja wangu wengi wakitaka kubashiri huuliza wimbo gani ni mzuri, na hapo ndipo wanapopotea. Mimi mwenyewe nilianzia hapo. Siku hizi kabla sijashika kalamu nauliza jambo moja: kura ziko mikononi mwa nani?

Kosa lililonifungua macho ni la mwaka ule wa kwanza. Tuzo za Muziki Tanzania zilianza mwaka 1999, na kwa kuwa kwa miaka mingi zilidhaminiwa na bia ya Kilimanjaro, watu wote walizijua kama Tuzo za Kili. Mwaka 2011 aliyevuma alikuwa 20 Percent, kijana wa Kimanzichana kule Mkuranga. Ukitoka Dar es Salaam kuja Kilwa lazima upite Kimanzichana, kabla hujafika Kibiti wala Daraja la Mkapa, na mwaka ule basi likikaribia pale konda anaongeza sauti ya redio bila kuombwa. Wimbo wake "Tamaa Mbaya" niliusikia kwenye basi, kwenye boti, kwa fundi baiskeli. Nikamwandika tuzo moja, ya utunzi. Nyingine nikawapa wenzake, kila mmoja yake, kama mwenye shughuli anavyogawa pilau ili kila sinia lipate nyama. Akazoa tano.

Nilikaa na ule ukurasa siku kadhaa. Nilikuwa nimefikiri kama kamati, watu waliokaa meza moja wakiambiana kwamba huyu tumeshampa, sasa tumwangalie na yule. Tuzo za Kili hazikuwa hivyo. Wataalamu walichuja majina kwanza, kisha kura zikapigwa na wananchi, na mwananchi anapiga kura peke yake, na simu yake, hana wa kushauriana naye. Aliyempenda 20 Percent alimchagua kila alipoliona jina lake. Wimbi likimbeba msanii linambeba kwenye vipengele vyote. Kwa hiyo mwaka 2014, Diamond Platnumz alipokuwa juu ya wimbi, sikugawa pilau tena. Nilimwandika tano, akaondoka na saba. Hata kumzidishia kwangu hakukutosha.

Kuna faida moja ya kukaa kwenye kibanda cha vocha: kura unaiona ikizaliwa. Siku za mwisho kabla upigaji kura haujafungwa, vijana wa boti za dagaa wanapanda kutoka bandarini mikono ingali na magamba, wanakwangua vocha kwa ukucha hapo hapo kwenye kaunta, wanasomeana namba za vipengele kwa sauti. Nilikuwa nawahesabu. Baada ya miaka miwili mitatu nikaona jambo ambalo sijawahi kulisoma popote: hapa kwetu kura hufuata mwezi.

Dagaa huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, boti zinalala na vijana wanakaa mjini mifuko mikavu. Lakini mwezi huo huo ukiwa mpevu, maji ya bamvua yanakupwa mbali, mwamba unatoka wazi, na kina mama wanashuka na vijiti vyao kuokota pweza. Basi kura zikifungwa wakati wa giza, kaunta yangu inajaa wavulana na majina ya Bongo Fleva ya kiume. Zikifungwa wakati wa bamvua ya mwezi mpevu wanakuja kina mama, na majina ninayoyasikia ni ya waimbaji wa kike na ya vikundi vya taarabu. Ukiongeza miezi ya korosho na ya ufuta, ambapo watu wa bara ya Kilwa na Lindi wanashika hela ya mara moja kwa mwaka, utaona kwamba kura ya simu ina msimu wake kama zao jingine lolote.

Hilo lilinipa furaha kubwa, kisha likanipotosha. Nilianza kubashiri nchi nzima kwa kuangalia kaunta moja. Kilwa nzima ni wachache mbele ya Dar es Salaam, na salio la simu huko halingoji mwezi. Tangu hapo nikiona tunapenda kitu sana huku, nampigia mdogo wangu aliye Mbagala na shemeji yangu aliye Mwanza nawauliza bodaboda wanapiga nini. Wakinitajia jina lile lile wote wawili, naandika kwa kalamu ya wino. Wakitofautiana, naandika kwa penseli.

Kuna hesabu nyingine, ya nyumba moja. Mwaka 2016 kwenye tuzo za MTV za Ulaya, zilizofanyika Rotterdam tarehe 6 Novemba, kipengele cha msanii bora wa Afrika kilikuwa na watu watano: Wizkid na Olamide wa Nigeria, Black Coffee na Cassper Nyovest wa Afrika Kusini, na Alikiba wetu. Jirani aliniambia, "Dada, mbele ya Wizkid hapa hupati kitu." Nikamwambia Wanigeria wana watoto wawili wa nyumba moja, na Afrika Kusini vile vile, kura zao zitagawanyika, Tanzania ina mmoja. Nikaandika Alikiba. Likatangazwa jina la Wizkid, na muuza chapati akachora mkasi mkubwa juu ya mstari wangu. Baadaye MTV ikasahihisha: mshindi ni Alikiba. Ukurasa ule ninao. Mkasi uko pale, na juu yake kuna alama ya vema iliyokandamizwa kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Tuzo za majaji ni habari nyingine kabisa, na zilinichukua muda kuzielewa, kwa sababu jaji haji kukwangua vocha kwangu. Aliyenifungua ni mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa akija kutuma pesa kwao. Ilikuwa mwanzoni mwa 2014, na Lupita Nyong'o, binti wa Kikenya, alikuwa akiwania Oscar kwa filamu ya utumwa, "12 Years a Slave". Alikuwa ameshakosa Golden Globe, akakosa na tuzo ya filamu ya Waingereza, BAFTA. Zote mbili zilikwenda kwa Jennifer Lawrence. Mimi nikasema basi, imekwisha. Mwalimu akaniuliza, "Golden Globe wanatoa nani?" Sikujua. Akanieleza kwamba ni waandishi wa habari wa kigeni, na hao hawana kura kwenye Oscar. Lakini Lupita alikuwa amepata tuzo ya chama cha waigizaji wa Marekani, na waigizaji ndio kundi kubwa kuliko yote ndani ya akademi ya Oscar. "Watu wale wale," akasema, "wanavua kofia moja wanavaa nyingine." Niliandika jina la Lupita kwa wino. Jumatatu ya tarehe 3 Machi, Marekani ikiwa bado Jumapili jioni, watu wanatoka kuswali alfajiri, redio ikatangaza kwamba ameshinda.

Habari ile iliingia Kilwa kwa namna yake. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari ya biashara ya utumwa. Misafara kutoka Nyasa iliishia pale. Wazee waliokuja asubuhi ile kununua vocha hawakuuliza gauni lake lilikuwa la rangi gani. Waliuliza filamu inasema nini.

Somo la mwalimu niliendelea kulitumia, na kila nilipoliacha nililipia. Mwaka 2021 Diamond aliwania tuzo za BET za Marekani, msanii bora wa kimataifa, na Burna Boy alikuwa humo. Burna Boy alikuwa ameshinda kipengele hicho 2019 na 2020, na Machi ya mwaka huo huo akapata Grammy. Kipengele hicho si cha kura ya mashabiki. Ishara zote zilikuwa wazi, lakini moyo ulikataa, nikaandika Diamond. Alishinda Burna Boy. Miaka minne nyuma, 2017, BET hiyo hiyo ilimpa Rayvanny tuzo, lakini ile ilikuwa ya chaguo la watazamaji. Tuzo moja, ukumbi mmoja, milango miwili, na kila mlango una bawabu wake.

Majaji pia wana mazoea. Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani, hupigiwa kura na watu wa fani yenyewe, na wakishamzoea mtu hawamwachi: Julia Louis-Dreyfus alishinda miaka 6 mfululizo, kuanzia 2012 hadi 2017, kwa tamthilia moja ya kuchekesha, "Veep". Upande mwingine wanajua kuwa wana deni. Jon Hamm wa "Mad Men" alikosa mwaka baada ya mwaka, wakampa 2015, msimu wa mwisho. Kwa hiyo kwa majaji naangalia nani amezoeleka, na nani anadai.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni wa Jumamosi, tarehe 10 Desemba 2016. East Africa Television walikuwa wameanzisha tuzo zao, EATV Awards, muziki na filamu pamoja, ukumbi wa Mlimani City, zinarushwa moja kwa moja. Zilikuwa siku mbili tu kabla ya Maulidi, mwezi umekaribia kujaa, boti zimelala. Vijana wa dagaa wote walikuwa nchi kavu, na wote walikuwa kwangu, wameketi kwenye kreti, kwenye ndoo zilizofunikwa, wengine barazani wanachungulia dirishani. Televisheni yangu ni ndogo; niliipandisha juu ya friji.

Nilikuwa nimeandika "Aje" ya Alikiba kwa wimbo na kwa video, nikapata vyote viwili, na yeye msanii bora wa kiume. Chipukizi nilimwandika Man Fongo wa singeli, na hiyo nilifundishwa na watoto: walikuwa wakitoka madrasa jioni wanapita kibandani na "Hainaga Ushemeji" midomoni, hata wasiojua kuandika majina yao. Mtoto hana vocha, lakini anachoimba kakipata kwa kaka yake, na kaka anayo. Kwenye filamu nilianguka. Filamu nilizijua kwa mabango tu. Vijana waliokuwa wakishinda kwenye kibanda umiza walinikatalia tangu mwanzo, wakasema muigizaji ni Gabo na filamu ni "Safari ya Gwalu". Ikawa hivyo hivyo, na mmoja wao akalichukua daftari akasahihisha mwenyewe kwa mkono wake, kwa unyenyekevu, kama anayemsaidia mama yake kusoma barua. Tangu siku ile vipengele vya filamu nawaachia wao.

Msanii bora wa kike nilikuwa nimeandika Lady Jaydee, kwa wino, na sababu ilikuwa bibi mmoja mwokota pweza. Novemba ile mwezi mpevu wa tarehe 14 ulikuwa mkubwa kuliko wote tangu 1948, na maji yalikupwa mpaka miamba ambayo haionekani miaka mingine. Bibi alipanda na kikapu kizito, akauza, akaja kwangu na noti iliyolowa chumvi. "Mwanangu, nipigie kura ya Jaydee." Nikamwuliza kwa nini huyo. Akasema marehemu binti yake alikuwa anamwimba akipika, miaka ile ya nyuma, na mtu anayedumu hivyo na sauti ile ile hapewi kwa huruma, anapewa kwa haki. Nikatuma ujumbe kwa simu yake, nikamsomea jibu kwamba kura imepokewa. Akaomba nimsomee tena. Wiki ile nilisikia maneno kama yake kwa wanawake wanne wengine wa rika mbalimbali, na mdogo wangu akanipigia kutoka Mbagala akaniambia huko kwao ni hivyo hivyo.

Jina la Jaydee lilipotajwa ilikuwa usiku mwingi na bibi alishalala. Mjukuu wake alikuwa amekaa kwenye ndoo karibu na mlango. Aliruka, akakimbia kwenye njia iliyokuwa nyeupe kwa mbalamwezi, na kutoka kibandani tulimsikia akigonga mlango kwa viganja viwili.