Ada na Saa za Chumba cha Mazoezi katika Vituo vya Wazee vya Marekani (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu iliyotangulia kueleza chimbuko la vituo vya wazee vya Marekani, ambavyo cha kwanza kati yake kilifunguliwa Bronx, New York, mwaka 1943, sehemu hii inaingia katika jambo linalodhaniwa kuwa dogo, yaani ada ya chumba cha mazoezi na saa za kukifungua. Kwa hakika hapo ndipo huamuliwa ni mzee gani atakayeingia na ni yupi atakayebaki nyumbani.

Sheria ya Wamarekani Wazee, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi Julai 1965, hutoa ruzuku kwa huduma za watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Huduma inayoendeshwa kwa fedha hizo huweza kupokea mchango wa hiari, yaani malipo ambayo mzee hujipangia mwenyewe bila kuchunguzwa kipato chake na bila kunyimwa huduma asipotoa kitu. Mchango huo hutakiwa kuwa siri, na njia nyepesi ya kuitunza siri hiyo ni bahasha isiyoandikwa jina pamoja na kisanduku chenye kufuli kilichowekwa mbali na meza ya karani, kwa kuwa mzee anayetumbukiza dola moja mbele ya jirani aliyetoa kumi huona haya, na mwenye haya harudi.

Ada ni kitu kingine, maana ni bei iliyopangwa, nayo hutozwa hasa pale chumba kinapogharamiwa na mji wenyewe. Kuipanga huanzia kwenye gharama za kudumu, yaani zile zisizopungua hata siku ambayo hakuna aliyekuja: bima, matengenezo ya mashine na mshahara wa msimamizi. Tuseme gharama hizo ni dola 12,000 kwa mwaka na mji unalipa nusu. Wakiwapo wanachama 100, kila mmoja atabakiwa na dola 60 za kulipa kwa mwaka, yaani dola 5 kwa mwezi. Mzigo huo hupungua zaidi pale kituo kinapokubaliwa katika mpango kama SilverSneakers, ulioanzishwa mwaka 1992, ambao bima za Medicare zinazoendeshwa na kampuni binafsi huutumia kuwalipia wanachama wao mazoezi, ilhali Medicare ya kawaida ya serikali hailipii.

Kumtoza mzee kila anapoingia ni kosa linalostahili kuachwa kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wazee wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujenga uwiano wa mwili ili wasianguke. Hivyo ada ya kila mlango humwadhibu yule hasa aliyeshika ushauri. Hata siku ya kulipa ina uzito wake, kwa sababu pensheni ya serikali huwafikia wengi Jumatano ya pili, ya tatu au ya nne ya mwezi kufuatana na tarehe ya kuzaliwa, na anayedaiwa tarehe mosi hukutwa mfuko umekauka.

Saa nazo hufuata mwili na usafiri. Wazee wengi huepuka kuendesha gari gizani, kwa hiyo asubuhi hujaa na watu husubiriana kwenye mkanda wa kutembelea, ile mashine ambayo mtu hutembea juu yake bila kusogea mbele. Karani hushawishika kugawa zamu za nusu saa, lakini mwenye ulemavu anayetegemea gari maalumu la umma, linaloagizwa siku moja kabla, huweza kupangiwa kuchukuliwa hadi saa nzima kabla au baada ya wakati alioomba, na zamu yake ikapita angali njiani. Afadhali kuweka ukomo wa dakika 20 kwa kila mashine pale tu wengine wanaposubiri, na kuuacha mlango wazi mfululizo tangu saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni, pamoja na jioni moja ya wiki kwa wale waliokwisha kutimiza miaka 60 lakini bado wako kazini.

Itaendelea.