Munigi: alama za chini za ramani ya droni tunaweza kujitengenezea

Makanisa kadhaa ya kaskazini mwa Goma yanatamani kuwa na ramani ya viwanja vyao iliyopigwa kutoka juu, na wengi wanadhani droni peke yake inatosha. Haitoshi. Kompyuta ikiunganisha picha za droni hutoa ramani ya kupendeza macho, lakini ramani hiyo inaweza kukaa mita kadhaa pembeni ya mahali pake pa kweli. Kinachoifunga na ardhi ni alama zinazoonekana kwenye picha, ambazo mahali pake pamepimwa vizuri. Alama hizo hatuhitaji kuzinunua.

Kwetu jambo hili lina uzito. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka karibu na Munigi, na lava ya Nyiragongo ikapita mjini hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Jiwe la mpaka likiisha kufunikwa na lava, nani atalitafuta? Lakini namba za mahali lilipokuwa, kama ziliandikwa, zinabaki.

Alama ifaayo ni mraba wa sentimita 60 kila upande, uliogawanywa katika miraba minne midogo: miwili myeupe inatazamana kwa pembe, na miwili myeusi vilevile. Pale pembe zinapokutana ndipo katikati, na ndipo tunapopima. Wengine huchora msalaba mnene (tunaelewa kwa nini!), lakini ukiuangalia kutoka mita 100 juu huwezi kusema katikati yake ni wapi hasa. Kwa urefu huo, nukta moja ya picha ya droni za kawaida ni karibu sentimita 3 za ardhi, kwa hiyo mraba wetu unapata nukta kama 20 kila upande. Ukiupunguza sana utapotea.

Kipande cha bache na rangi vinatosha, na mawe ya kukizuia kisipeperuke hayajawahi kukosekana Munigi. Shida ni kwamba bache ni mali: kabla ya jioni mtu atakuwa ameona paa linalovuja. Sisi tunapendelea kuchora juu ya mwamba wenyewe. Lava ni nyeusi tayari, basi paka miraba miwili tu myeupe inayogusana kwa pembe, na nusu nyingine ya kazi volkano imeisha kuifanya. Tumia chokaa au rangi isiyong'aa, kwa sababu rangi ya mafuta hurudisha jua na kuharibu picha. Andika namba kubwa pembeni ya kila alama.

Weka angalau tano: nne karibu na pembe za eneo, moja katikati. Kama kiwanja kinapanda, moja iwe juu na nyingine chini. Ongeza mbili ambazo hazitaingia katika hesabu ya kompyuta, ili baadaye zituonyeshe kama ramani inasema kweli. Usiziweke chini ya miti wala kando ya ukuta, maana droni haitaziona na kipimo cha setilaiti kitayumba.

Simu haifai kwa kupima alama hizi. Inaweza kukosea mita 3 hadi 5, na katika viwanja vyetu vilivyobanana hizo ndizo mita majirani wanazogombania. Mwiteni mpima ardhi mwenye kifaa cha setilaiti kinachofikia sentimita. Kama hamna uwezo huo, pimeni kwa utepe umbali kati ya alama na alama. Ramani itakuwa na ukubwa sahihi, hata kama haijakaa mahali pake kamili, na kwa kupanga matangi ya maji au vyoo inatosha kabisa.

Lililo zito kuliko rangi ni hili. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuchora Unguja na Pemba kwa droni. Huku kwetu droni zilianza kurushwa Desemba 2013 na MONUSCO kwa upelelezi, na za miaka hii zimebeba mabomu. Mtu akiona mraba mweupe na mweusi shambani mwa jirani atafikiri ni alama ya kulengwa, na hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo msichore hata moja kabla ya kupata ruhusa ya kurusha, na kabla ya kuwaeleza chefu, majirani na waamini, si Jumapili moja tu. Ruhusa ikikosekana, acheni. Utepe na daftari havimtishi mtu.

Tena, ramani hii si hati. Chini ya sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, haki ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha uandikishaji, na mipaka hupimwa na watu wa kadastri. Ramani yenu itawasaidia kuzungumza nao, basi.

Kazi ikiisha, andikeni kwenye daftari la parokia namba ya kila alama, vipimo vyake, tarehe, na jina la mfumo uliotumika, kwa mfano WGS 84. Nakala moja ikae mbali na Munigi. Tarehe msiisahau: ardhi yetu yenyewe husogea, na nyufa za 2021 katika barabara za Goma kila mtu aliziona.