Je, Wajua? Vituko vya Nyumbani Vinavyonogesha Riwaya

Kila ukoo una shangazi asiyekubali kushindwa, mjomba anayejua kila jambo, na mtoto anayeuliza mbele ya wageni yale ambayo wakubwa wameyanyamazia. Riwaya zinazowakusanya watu kama hao chini ya paa moja, zikatuchekesha na kututoa machozi, zina wapenzi dunia nzima. Sisi wa Mkoa wa Pwani, tuliolelewa Janga na Mlandizi kule Kibaha, au Maneromango na Masaki kule Kisarawe, tunazielewa upesi. Twende pamoja tuone kwa nini.

Je, wajua kwamba kabla riwaya haijafika kwetu, utani ulikwisha kutufundisha kucheka na ndugu? Kwa Wazaramo, kama kwa makabila mengi ya Tanzania, bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu akichelewa kurudi hudaiwa kitoweo kama mume kweli. Babu naye huwa na "wake" wadogo wanaomsuta kwamba hana meno ya kutafuna mahari. Mabinamu na mashemeji hutaniana vivyo hivyo, na hakuna anayekasirika, kwa sababu anayeruhusiwa kukucheka ni yule aliye wako.

Je, wajua kwamba utani huo hufika hadi makaburini? Mtani huvaa kanzu au kofia ya marehemu, akaiga mwendo wake, akakohoa kama alivyokuwa akikohoa, akawadai wafiwa madeni ya uongo. Mwingine hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Mjane aliyekuwa hajiwezi kwa kilio hujikuta anacheka, kisha analia tena, safari hii akiwa na nguvu kidogo. Mwandishi wa riwaya ya familia hutafuta maisha yake yote namna ya kuandika dakika kama hiyo.

Je, wajua kwamba Wazaramo na Wanyamwezi nao ni watani? Wazee huuhusisha utani wao na misafara ya karne ya 19, pale wapagazi kutoka Unyamwezi walipopita Uzaramo kwenda pwani. Watu waliokuwa wageni wakawa kama ndugu, na kicheko ndicho kilichofunga undugu huo.

Je, wajua kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, aliandika kisa cha ajabu sana cha ndugu watatu? Katika *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952, liwali mwenye huruma huwachapa viboko manyani wawili kila usiku huku moyo ukimuuma. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, waliomtupa baharini kwa wivu. Jambo la ajabu linamvuta msomaji, lakini linalomkalisha mpaka mwisho ni swali moja: je, atawasamehe?

Je, wajua kwamba huyohuyo Shaaban Robert aliwatungia wanawe tenzi za wosia? *Utenzi wa Hati* ni wa binti yake, na *Utenzi wa Adili* ni wa mwanawe wa kiume. Barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, nazo zimechapishwa kuwa kitabu. Alijua familia vitabuni kwa sababu aliishi nayo kwa kalamu mkononi.

Je, wajua kwamba riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar zimejaa siri za nyumbani? Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na mwenzake Najum, huchimba mambo ya wazazi, ndoa na urithi. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilitoka mwaka 1960. Nyingine ina jina linalomfanya msomaji atabasamu kabla ya kufungua ukurasa: *Mke Mmoja Waume Watatu*.

Je, wajua kwamba mojawapo ya nyumba zenye vituko kuliko zote katika fasihi yetu haimo katika riwaya bali katika tamthiliya? Ni ya Mzee Mitomingi, katika *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba. Karani wa sensa anafika kuhesabu watu, anampenda binti wa nyumba, na baba mtu anazichoma karatasi za sensa kwa hasira. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimeicheka nyumba hiyo. Ukiisoma ukubwani, unamwona pia baba aliyeumizwa, na kicheko kinapata uzito.

Je, wajua kwamba *Watoto wa Mama Ntilie* ya Emmanuel Mbogo, ya mwaka 2002, inamhusu mama mmoja anayeuza chakula Dar es Salaam? Mumewe Lomolomo ni mlevi, na wanawe Peter na Zita wanakosa ada na sare za shule. Maisha yao ni magumu, lakini mwandishi hakuwanyima heshima wala mapenzi ya wao kwa wao. Ndiyo maana tunawakumbuka kwa majina.

Je, wajua kwamba *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inaanzia Tanga? Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Wasomaji wa nchi zote mbili wameifanya safari hiyo kuwa yao.

Je, wajua kwamba riwaya ya kwanza ya Abdulrazak Gurnah kutafsiriwa kwa Kiswahili ni *Peponi*? Ida Hadjivayanis aliitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Kijana Yusuf anapelekwa kwa "mjomba" asiye mjomba, kwa sababu ya deni la baba yake. Dukani anamkuta Khalil, anayemkejeli kutwa na kumlinda kutwa. Undugu wa kweli umo katika kejeli hizo.

Je, wajua kwamba redio na televisheni zilinufaika na kiu hiyohiyo ya visa vya familia? Mchezo wa *Twende na Wakati* ulianza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993. Humo mlikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, na mkewe Tunu aliyechoka na kuanza kujitegemea. Mchezo ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, na ulisikilizwa kwa sababu wasikilizaji walimjua mtu kama Mkwaju. Kenya, Mzee Ojwang na Mama Kayai walivunja watu mbavu katika vichekesho vya televisheni, *Vitimbi*. Aliyeigiza Mzee Ojwang, Benson Wanjau, alifariki mwaka 2015.

Je, wajua kwamba hata wazungu huongeza chumvi wanapozisimulia familia zao? Gerald Durrell, katika *My Family and Other Animals* ya mwaka 1956, alimweka kaka yake Larry nyumbani pamoja na wengine kisiwani Corfu. Ukweli ni kwamba Larry, yaani mwandishi Lawrence Durrell, alikuwa ameoa na aliishi na mkewe kwingine. Ndugu mkorofi alihitajika mezani, basi akaletwa.

Je, wajua kwamba wa Janga hana haja ya kwenda mbali kutafuta kitabu? Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, lina maktaba ya umma. Azima riwaya moja, uisome kwa sauti jioni, bibi akiwepo. Atakukatiza kila ukurasa akisema anamjua mtu wa namna hiyo, na atakuwa anasema kweli.

Je, wajua, mwisho, kwamba Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwezi Aprili 2023? Riwaya zimo katika mashindano hayo. Familia za Uzaramo, na watani wao na mabishano yao yasiyokwisha, zinastahili kuandikwa na mtu anayezipenda. Ukiwa na bibi anayekuita mume wake, una sura ya kwanza tayari. Ianze wiki hii.