Ndiva Ndani ya Swichi ya Mtandao

Mkulima wa milima ya Upare ya Kusini aonapo maji hayafiki shambani mwake, haanzi kwa kuchimba mfereji mpya. Hupanda kwanza hadi kwenye ndiva, lile bwawa dogo likusanyalo maji ya kijito usiku na kuyaachilia mchana, akatazama kama limejaa. Kisha huteremka akiufuata mfereji hatua kwa hatua. Mwalimu wa huko Kisiwani, wilayani Same, ambaye kompyuta za darasani zimeacha kuwasiliana, yafaa afanye vivyo hivyo mbele ya swichi ya mtandao, yaani kile kisanduku kipokeacho habari kutoka kompyuta moja na kuzipeleka kwa nyingine.

Aanze na umeme, wala asidanganywe na taa. Taa ndogo huwaka kwa umeme haba sana, ambapo swichi yenyewe huhitaji mwingi zaidi. Adapta iliyochoka yaweza kuiwasha taa na kushindwa kubeba kazi: swichi huamka, hufanya kazi kitambo, huzimika, huamka tena. Hata mita ya volti huweza kudanganya ikiwa adapta imepimwa bila mzigo. Dawa ni kuijaribu swichi kwa adapta nyingine yenye volti zile zile, ncha chanya na hasi zilizopangwa vile vile, na ampea zisizopungua. Swichi ngapi nzima zimetupwa kwa sababu ya adapta!

Ndani ya adapta nako mna ndiva. Umeme wa gridi huenda na kurudi kwa mizunguko 50 kila sekunde. Diodi huulazimisha kwenda upande mmoja, lakini bado hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kapasita hujaa umeme upandapo, na hutoa akiba yake ushukapo. Nyingine, upande wa kutokea, husawazisha volti chache ziingiazo katika swichi. Kapasita za aina hii huwa na kimiminika, nacho hukauka kwa joto. Mafundi hukadiria kuwa joto likizidi kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Kisiwani ni nchi ya joto, chini ya milima, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Kuifungia swichi kabatini chini ya bati ni kuikausha ndiva yake kabla ya wakati. Mwanafunzi asiifungue adapta ili kuyaona hayo: kapasita ya upande wa gridi hufikia volti 325 hivi, na yaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa.

Umeme ukiwa salama, ndipo aufuate mfereji. Taa ya tundu moja isipowaka, kebo ihamishiwe tundu lifanyalo kazi. Ikiwaka huko, tundu la kwanza ndilo bovu. Isipowaka, ajaribu kebo nyingine iliyo nzima, isiyozidi mita 100. Kosa gumu zaidi ni la kebo iliyokatika nusu. Mna waya nane, yaani jozi nne. Mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu. Ule wa 1,000 huzihitaji zote. Panya akiguguna waya moja ya jozi zile nyingine, baadhi ya swichi hushuka hadi mwendo mdogo, na taa ikaendelea kuwaka. Mara nyingi rangi ya taa hubadilika, na maana ya rangi hizo imo katika kile kijitabu ambacho watu hukitupa pamoja na boksi.