Steji Inaanzia Kwa Udongo: Venye Sherehe ya Nje Inaweza Kubamba Bila Kuua Uwanja

Wacha nianze na siku moja sitawahi sahau. Nilikuwa nimeacha college, nafanya kibarua ya kubeba spika na vyuma vya steji. Kulikuwa na sherehe kwa uwanja fulani hapa Nairobi. Taa zilikuwa safi, mbogi imejaa, ngoma iko juu. Halafu saa kumi na moja jioni mvua ikashuka. Maji yote ya uwanja yakaja kwetu, kwa sababu steji ilikuwa pale chini kabisa na hakuna msee alikuwa amechimba hata mtaro. Jenereta ikazimwa, shoo ikaishia hapo, watu wakarudi home na viatu mkononi. Sisi wa kibarua tukalipwa nusu. Kesho yake tukirudi kutoa vyuma, nyasi haikuwepo tena. Matope tupu.

Kila mtu alilaumu mvua. Lakini manze, mvua haikuwa na makosa. Steji ilipangwa kwa laptop, na uwanja ukaja kuangaliwa siku lori linashusha mizigo. Hapo ndipo shida huanzia. Steji nzuri ya nje inaanza na ardhi yenyewe: mteremko, upepo, jua, miti na udongo. Ukisoma hizo tano, unaokoa doh, unaokoa majirani, na uwanja unabaki wa kuparty tena.

Mteremko ni spika ya bure

Cheki Red Rocks, pale Colorado, Marekani. Ni ukumbi wa wazi uliofunguliwa 1941, na unabeba watu zaidi ya 9,000. Mchoraji wake, Burnham Hoyt, aliacha majabali mawili makubwa mekundu yawe kuta za pembeni, kila moja karibu mita 90 kwenda juu. Viti vikapangwa kwa mteremko, steji ikakaa chini.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa uwanja tambarare, vichwa na nguo za watu wa mbele hunyonya sauti nyembamba, zile za kukufanya usikie maneno. Msee wa nyuma hasikii kitu, fundi wa sauti anaongeza volume, na besi inaenda kuamsha mtaa mzima. Kwa mteremko, kila mtu ameinuliwa kidogo juu ya aliye mbele yake, kwa hivyo sauti inamfikia moja kwa moja. Volume inaweza kuwa chini na bado kila mtu anabambika.

Lakini kumbuka ile stori yangu. Maji pia yanapenda mteremko. Ukiweka steji chini, chimba mtaro juu ya watu na mwingine nyuma ya steji, na uinue jukwaa na jenereta kutoka kwa ardhi. Mtaro ni jembe na wasee wawili, si milioni.

Jua na upepo havisomi ratiba yako

Huku kwetu tuko karibu na ikweta, so jua la jioni linazama magharibi, mwaka mzima halihami sana. Steji ikiangalia magharibi, msanii anapigwa na jua usoni. Ikiangalia mashariki, ni nyinyi mnaokunja macho. Igeuze iangalie kaskazini au kusini, kila mtu anapona.

Upepo nao hukunja sauti. Ukivuma kutoka steji kuelekea kwa watu, sauti inateremka kwao. Ukivuma kinyume, inapaa juu ya vichwa vyao. Na usiku kuna kitu kingine: ardhi inapoa, hewa ya juu inabaki na joto, sauti inakunjwa kurudi chini na kusafiri mbali. Ndiyo maana saa nane usiku unasikia konsati ya mtaa wa pili ni kama iko kwa dirisha lako.

Dawa moja ni kuacha ule mlima wa spika za mbele tu, na kusambaza spika ndogo katikati ya watu. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hivyo spika iliyo mita 100 nyuma inacheleweshwa karibu theluthi moja ya sekunde ili zote zigonge pamoja.

Na usidanganywe ati miti michache itazuia besi. Wimbi la besi ya chini linaweza kuwa na urefu wa mita saba. Linapita kwa majani ni kama hayapo. Hata Red Rocks, na majabali yote yale, majirani walilalamikia besi mpaka vipimo vya sauti vikawekwa.

Mti si nguzo

Kama umewahi kuvuka mwaka Kilifi kwa Beneath the Baobabs, unajua mibuyu inatosha kuwa pambo. Lakini mbuyu ni kiumbe hai. Mti wake ni laini na umejaa maji, kwa hivyo msumari ni kidonda. Mizizi yake inasambaa mbali, chini kidogo tu ya ardhi, so lori likiegeshwa kwa kivuli linaikanyaga. Maua yake hufunguka jioni, na popo ndio huyachavusha. Ukiwasha taa kali kuelekea matawini usiku kucha, umewafukuza wafanyakazi wa mti. Elekeza taa chini, kwa steji na njia.

Na Pwani hauhitaji kusafirisha vyuma vyote. Mivinje inalimwa pale pale, ni nguzo zilizonyooka. Makuti yanatengeneza kivuli, ila yaweke mbali na fataki na taa za moto, kwa sababu yanashika haraka.

Stima iko karibu

Zaidi ya asilimia 80 ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kama laini ya stima inafika uwanjani, kuunguza dizeli usiku kucha ni hasara mara mbili. Taa ya zamani ya steji hula wati 1,000. Ya LED inafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo tu. Ukipunguza taa, jenereta ya dharura pia inakuwa ndogo.

Uwanja pia huchoka

Watu elfu wakiruka pamoja, udongo unashikana. Maji hayaingii, mizizi haipumui, nyasi inakufa, na mvua ijayo ni matope tena. Tandika mbao kwa njia za lori na za watu, badilisha upande wa steji kila shoo, na upe uwanja likizo. Glastonbury, Uingereza, iko kwa shamba la ng'ombe wa maziwa, na 2018 walikosa kufanya tamasha kabisa ili ardhi ipumzike.

Mbona ujali na wewe unaenda tu kuruka? Kwa sababu sehemu zinaisha. Mwishoni mwa 2022 kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku kwa makazi, na sababu ilikuwa kelele. Uwanja ukiharibika au majirani wakichoka, geti linafungwa. DJ chipukizi anakosa steji, mama wa smokie anakosa wateja, na kijana wa kubeba spika anakosa kibarua.

Next time ukiingia sherehe ya nje, kabla ununue kinywaji, angalia kama kuna mtaro, kama kuna msumari kwa mti, na jenereta ziko ngapi. Hapo utajua kama aliyepanga ana mpango wa kurudi mwaka ujao, ama alikuja tu kuchukua doh yako.