Mshahara ukipanda, presha isipande nao

Miezi minne iliyopita aliingia katika kliniki yangu hapa Busia karani wa wakala mmoja wa forodha kule Malaba, mwanamume wa miaka 38, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga kila asubuhi. Nilimpima presha nikapata 172 kwa 108. Nilimpumzisha dakika kumi, nikapima tena, ikawa karibu ile ile. Nikamwuliza ni nini kilichobadilika maishani mwake mwaka huu.

Alicheka. "Kilichobadilika ni kizuri, daktari. Nimeongezwa mshahara."

Alikuwa ametoka shilingi 45,000 hadi 55,000 kwa mwezi. Pamoja na nyongeza hiyo alikabidhiwa zamu ya usiku, maana malori hayakomi kuvuka Malaba jua linapotua. Siku alipopokea barua ya nyongeza, kabla hata senti ya kwanza haijaingia benki, alikwenda kuchukua pikipiki kwa mkopo. "Pesa imeongezeka," aliniambia, "lakini sasa silali, na tarehe kumi na tano nakopa kwa simu."

Msomaji anaweza kuuliza, haya yanamhusu nini daktari? Yananihusu sana. Ninawaona wagonjwa wa aina hii kila mwaka, na aghalabu hawataji mshahara hadi waulizwe.

Hebu tuanze na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwa viwango vya mwaka 2025, zile 10,000 za karani huyu hazikumfikia zote. Zilikatwa 600 za NSSF, 275 za bima ya afya ya SHIF, 150 za ushuru wa nyumba, na takriban 2,700 za kodi ya mapato. Kilichobaki ni kama 6,300. Malipo ya pikipiki yalikuwa 9,400 kila mwezi. Kwa hivyo bwana huyu aliyepongezwa na ofisi nzima alikuwa maskini zaidi kwa shilingi 3,100 kuliko siku ile kabla ya kuongezwa, na bado jamaa walikuwa wamesikia habari njema na kuanza kuleta kadi za michango ya matanga.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka makato yote ya mshahara yasizidi thuluthi mbili, ili mfanyakazi abaki na thuluthi moja ya kula. Ni sheria nzuri, lakini mikopo ya simu haiko kwenye hati ya mshahara.

Mimi mwenyewe nililelewa na somo hili. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nambale. Baada ya mgomo wa Oktoba 1997, serikali ilikubali kuwaongeza walimu kati ya asilimia 150 na 200, kwa awamu za miaka mitano. Awamu ya kwanza ililipwa. Baba alichimba msingi wa nyumba ya vyumba vinne akitegemea awamu zilizosalia. Mwaka 1998 serikali ilisimamisha malipo hayo, walimu wakagoma tena, na msingi wetu ukaota nyasi. Sisi watoto tulikuwa tukifunga mbuzi pale. Baba alianza kulala vibaya mwaka huo, na tuliambiwa tu kwamba "ana mawazo".

Ungedhani mwanawe angejifunza. Madaktari tuligoma siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, na marupurupu yalipoongezwa nilinunua gari kwa mkopo katika muda wa wiki sita. Nyumba yangu ilikuwa mwendo wa dakika 25 kwa miguu kutoka kazini. Sikutembea tena. Kwa mwaka mmoja na nusu niliongeza kilo 11, na mwuguzi niliyefanya naye kazi ndiye aliyenishika mkono siku moja akanipima presha bila kuniomba ruhusa.

Hapa mpakani tuna kichekesho chetu. Inasimuliwa kwamba jina boda boda lilizaliwa papa hapa, waendesha baiskeli walipowabeba wasafiri kati ya vituo viwili vya mpaka, na aliyepanda alikuwa ametoka kutembea maili kadhaa. Siku hizi anayeongezwa mshahara hupanda pikipiki kutoka mlangoni hadi mlangoni. Kisha chungu nacho hubadilika. Mrenda, kunde na ugali wa wimbi huonekana chakula cha shida, mahali pake huingia chipsi, soda, na nyama choma ya Ijumaa inayofuatwa na chupa nne za bia. Mwili unahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa wiki, na chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, iwe mshahara ni elfu kumi au laki mbili.

Kuhusu kazini, ushauri wangu ni mfupi. Kabla ya kutia sahihi, uliza nyongeza inanunua nini kwako. Ikiwa inanunua usingizi wako, uliza ni kwa miezi mingapi, na kama zamu zitazungushwa. Kukosa usingizi mfululizo hupandisha presha hata kwa kijana. Halafu ishi kwa mshahara wa zamani miezi mitatu ya kwanza, ulipe madeni ya simu, na umwonyeshe mwenzio hati ya mshahara. Karani wangu alikuwa ameificha ya kwake chini ya kiti cha pikipiki.

Nilimwita tena baada ya wiki moja, kwa kuwa presha haihukumiwi kwa siku moja isipokuwa iwe juu mno. Ilikuwa 168 kwa 106. Nilimwanzishia dawa, nikamwambia ukweli kwamba kile kichwa pengine kilitokana na kukosa usingizi, kwa sababu presha kwa kawaida hainong'oni kitu hadi siku inapopasua mshipa. Nikamwuliza pia kama mkewe na watoto wameandikishwa chini yake katika SHA. Hawakuwa, ingawa alikuwa akikatwa kila mwezi.

Wiki iliyopita alirudi. Pikipiki amempa mdogo wake aifanyie kazi ya boda na kulipa mkopo, naye anatembea kutoka Amagoro hadi ofisini. Bosi wake amekubali zamu ya usiku iwe wiki moja kwa tatu. Presha ilikuwa 146 kwa 92. Bado haijafika chini ya 140 kwa 90 ninapoitaka, na dawa anaendelea nazo. Mkewe alikuja naye, na ndiye aliyeandika tarehe ya kurudi.