BENCHI LA MABIBI WA HARARE



Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu wa kiwanda cha chai alinijia baada ya zamu. Alikuwa halali, chakula hakimpiti, na alikwisha pewa barua mbili za onyo kwa kuchelewa. Mimi, katibu wa tawi, nilimjibu, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Haukupita mwezi akafukuzwa. Nilimtetea mbele ya meneja, lakini wakati ulikuwa umepita. Kosa lile lilikuwa langu pia. Nilivyopaswa kumsaidia nimekuja kujifunza kutoka Zimbabwe.

Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili wa huko, Dixon Chibanda, alifiwa na mgonjwa wake. Alijiua, jamaa zake walikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Daktari akaona kuwa msaada ukiwa mbali, maskini haufikii. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, alianza na mabibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaani. Akawafundisha, nao wakaketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mpango huo unaitwa Benchi la Urafiki.

Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi husema fulani "ana mawazo". Bibi huanza kwa maswali 14: Je, unapata usingizi? Umelia? Kazi yako inazorota? Umefikiria kujiua? Kisha zinafuata hatua tatu.

Kwanza ni kufungua mawazo. Mtu hueleza shida zake zote, deni, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani, na bibi husikiliza bila kumhukumu.

Pili ni kuinua. Mwenye shida huchagua moja tu ya kuanza nayo. Hutafuta jambo dogo analoweza kulifanya kabla hawajaonana tena. Bibi humwuliza maswali, hampi amri. Kwa sababu mtu akipata njia kwa akili yake mwenyewe, huishika.

Tatu ni kutia nguvu. Hurudi kueleza kilichofaa na kilichoshindikana, hata mara sita. Baadaye huingia katika kikundi cha wenzake waliopita hapo hapo.

Je, inafaa? Utafiti wa watu 573 katika zahanati 24 za Harare ulitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, kati ya waliopata huduma ya kawaida, 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa. Kwa waliokaa kwenye benchi, walikuwa 14. Malawi na Zanzibar nazo zimeufuata mpango huo.

Ndugu, mabibi wale walifundishwa, sisi bado. Lakini kila mjumbe wa tawi anaweza kuacha neno "jikaze", akaketi na mwenzake faragha, akasikiliza, na asiyatangaze aliyoambiwa. Akisikia habari ya kujiua, asimwache peke yake. Ampeleke hospitali siku ile ile, na nauli itoke tawini.

Wala kusikiliza kusitufanye tusahau madai. Shida ikiwa ni mshahara mdogo au kazi kupita kiasi, hiyo si ya mtu mmoja. Hiyo tuipeleke kwa mwajiri, sote pamoja.